Seva Iliyofunikwa Kitambaa

Basi palikuwa na hospitali moja, wapendwa, na nyuma ya dirisha la dawa palikuwa na chumba ambacho wagonjwa hawakukijua. Hakikuwa na kitanda wala sindano. Kilikuwa na kiyoyozi kinachonguruma kutwa kucha, na safu ya zile kompyuta kubwa wanazoziita seva. Ukipimwa damu, majibu yako yanatunzwa humo. Ukiandikiwa dawa, humo. Ukizaliwa, humo, na siku ukitolewa kwa mlango wa nyuma, humo pia. Mnacheka, lakini mlango ule wote tunaujua.

Mtunzaji wa chumba hicho alikuwa fundi mmoja wa makamo, mtu wa kuuliza. Kuna watu wakikuta mlango umefungwa hupita zao. Huyu alikuwa wa kutega sikio.

Sasa utaratibu wa pale ulikuwa hivi: kila idara na seva yake. Mkuu wa idara akipata mfadhili, ananunua ya kwake, anaibandika jina, anaitia kufuli. Maabara yake, mapokezi yake, wodi ya wazazi yake. Mkuu wa dirisha la dawa, mama mmoja nadhifu kwelikweli, alizidi wenzake. Seva yake aliifumia kitambaa cheupe chenye maua kingoni, akaitandika kama tunavyotandika redio sebuleni. Kila Jumatatu asubuhi lazima apite akinyooshe.

Fundi akajiuliza: hivi zote hizi zinafanya nini humu? Akaanza kuzipima moja moja, na alichokikuta kilimshangaza. Nyingi zilikuwa zimelala. Zinakula umeme, zinatoa joto, kiyoyozi kinahangaika kuzipoza, na kazi yenyewe haijai kijiko. Iliyolala kuliko zote ni ile ya mama wa dawa. Na iliyo jirani yake, ya maabara, ilikuwa hoi. Foleni ya asubuhi ikijaa, inagoma.

Siku moja alikuta mama kijana amekaa kwenye benchi la maabara, mtoto kifuani anachemka kwa homa.

"Mdogo wangu, unangoja nini?"

"Majibu. Damu walishachukua mapema, ila wanasema kompyuta inafikiri."

Kompyuta iliendelea kufikiri mpaka adhuhuri, na mtoto akapata degedege palepale kwenye benchi. Mungu alimponya. Lakini fundi aliumia, maana alikuwa anajua jambo ambalo yule mama hakulijua: hatua mbili kutoka kwenye seva iliyoelemewa palikuwa na nyingine isiyo na kazi, imevaa kitambaa.

Akaenda kwa mama wa dawa. "Mama, seva yako ina nafasi kubwa. Tuwaazime maabara kidogo, asubuhi tu."

"Fundi, wewe mswaki wako unaazima?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Basi. Siku dawa zangu zikichanganyika na mikojo yao, nitamwuliza nani?"

Tusimcheke haraka. Hofu yake ilikuwa na maana. Ni nani kati yetu angependa siri za wagonjwa wake zichanganywe?

Uongozi ukaleta mhandisi, dada mmoja mtaratibu, aje atazame. Akasema dawa ipo: tununue seva chache zenye nguvu, tuziunganishe ziwe kitu kimoja, kisha ndani yake kila idara tuiundie seva yake isiyoshikika kwa mkono. Fundi alivuta kiti karibu.

"Dada, seva ndani ya seva inakuwaje? Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Nyumba ya wapangaji umewahi kukaa?"

"Nimezaliwa humo."

"Msingi mmoja, paa moja, lakini kila mpangaji ana chumba na ufunguo wake, na chungu cha jirani hakimhusu. Tofauti ni kwamba nyumba hii kuta zake zinasogea. Mpangaji akipata wageni, tunampanulia. Wageni wakiondoka, tunarudisha. Na seva moja ikifa, wapangaji wake tunawawasha kwenye nyingine."

"Na mimi nitazitazamia wapi?"

"Kwenye kioo kimoja, umekaa."

Fundi akashika bunda lake la funguo. Miaka yote heshima yake mle ndani ilikuwa funguo zile, na hapa alisita, nisiwafiche. Kisha akamkumbuka yule mtoto, akauliza swali la mwisho: "Nasikia mambo haya huitwa wingu. Siri za wagonjwa wetu ndiyo zinakwenda huko angani kwa watu?"

"Wingu la watu lipo, ila hili ni la kwenu. Linakaa humuhumu na mlango mnafunga wenyewe."

Kikaitwa kikao cha wakuu wa idara. Ooh, walisifu! Kila mmoja alisema mpango ni mzuri sana, na kila mmoja akamalizia kwa maneno yaleyale: anzeni na wengine, yangu iacheni kwanza. Si mnavijua vikao vya namna hiyo? Mwisho mganga mkuu akawakatia shauri, seva mpya zikaletwa, wakahama mmoja mmoja, maabara wakiwa wa kwanza kwa sababu walikuwa wamechoka. Akabaki mama wa dawa. Yeye alikubali jambo moja tu, nakala ya mambo yake ichukuliwe kila jioni na iwekwe kwenye hizo mpya, kwa tahadhari. "Nakala chukueni," alisema. "Mashine yangu msiiguse, na kitambaa msikitoe."

Wakamheshimu, hawakukitoa.

Ikafika Jumapili moja ya jua kali. Fundi ametoka ibadani, akaona apitie chumba chake. Kushika kitasa, kikamchoma. Kiyoyozi kilikuwa kimezimika. Akafungua madirisha, akaziangalia seva mpya: zimechoka, lakini zinakwenda. Akaigeukia ile ya kitambaa. Matundu yake ya kutolea joto yalikuwa juu, na maua yale mazuri yalikuwa yameyaziba yote. Imekufa. Akajaribu kuiwasha, wapi.

Kesho yake Jumatatu, na Jumatatu dirisha la dawa huwa na foleni mpaka getini. Kuna wazee wa presha mle, kuna watoto wa kifafa, watu ambao wakikosa kidonge cha siku moja yanakuwa mengine. Nakala ya Jumamosi jioni ilikuwepo, na Jumapili lile dirisha halifunguliwi, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Ila seva mpya zilikuwa zimejaa wapangaji, na nafasi ya kuiwasha nakala ile haikutosha. Lazima mtu asogee.

Fundi akampigia simu mkuu wa maabara. "Mkuu, seva ya dawa imekufa. Nikikupunguzia nafasi naweza kuwaingiza, ila kesho nanyi mtakwenda polepole."

Mkuu huyo alikuwa ameshasimuliwa yale maneno ya mswaki.

"Fundi, mimi nikitoa majibu na dawa zimekwama, majibu yangu yatamtibu nani? Wasogezee."

Fundi akasogeza ukuta. Asubuhi dirisha la dawa likafunguliwa, wahudumu wakaandika, wakatoa dawa, na foleni ikatembea kama kawaida. Fundi akashika njia akamweleze mama wa dawa, wakakutana mlangoni mwa kile chumba. Mama alikuwa amekuja kunyoosha kitambaa chake. Kabla fundi hajafungua kinywa, mama ameshaweka kiganja juu ya seva, na uso umemchangamka.

"Umeona, fundi? Hao waliohama wanahangaika na joto. Yangu ni baridi kama mtungi. Kitu kikitunzwa kinatunzika."

Fundi akasogea karibu yake.

"Mama, ni baridi kwa sababu imekufa tangu jana."

"Imekufaje, na mimi nimetoka kutoa dawa sasa hivi?"

"Umetoa ukiwa kwenye nafasi ya maabara. Jana wamesogea ili mkae."

Yule mama alikiondoa kitambaa, akayaona matundu. Akakikunja mara mbili, polepole, akakishika mkononi. Aibu ilimshika, na fundi akamwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Alipozungumza, aliuliza kwa sauti ndogo:

"Fundi, maabara unapitia mlango upi? Miaka yote hii sijawahi kuingia."

Sasa sisi, wapendwa. Tumemwacha mama wa watu anatafuta mlango wa maabara, turudi hapa kwetu. Kwaya kuu ina spika zake, zimefungiwa. Vijana wana spika zao, zimefungiwa. Akina mama wana masufuria, na ufunguo anao mtu aliyesafiri. Msiba ukitokea, tunakwenda kukodi viti mjini na vyetu vimerundikwa stoo vikiwa na jina la kikundi. Ukimwuliza mwenye ufunguo, jibu lake unalijua, ni lile la mswaki. Tumevipamba vitu vyetu mpaka tumeviziba pumzi.

Na si vitu tu. Wewe unayesema unajitegemea, humwombi mtu: umewahi kuuliza mwaka ule uliougua, nani alisogea? Nani alipunguza chake, akaenda polepole, ili foleni yako itembee? Huenda ni yuleyule uliyemfungia mlango, na kama hajakuambia, ni kwa sababu hukumwuliza.

Kwa hiyo ukiweka kiganja juu ya maisha yako ukakuta yametulia, ni baridi, usikimbilie kujisifu kwa utunzaji. Inua kwanza kitambaa. Halafu tafuta mlango wa maabara uingie, ukaseme asante.