Bweha Aliyeleta Uchaguzi wa Marekani

Hapo zamani za kale, wala si kale ile ya mbali sana, maana redio zilikuwa zimeshaingia porini, palikuwa na bwawa liitwalo Matopeni. Wanyama wote wa bonde lile walikunywa hapo. Walikuwa na nyumba zao, watoto wao na umbea wao, kama nyinyi tu mnavyojijua.

Na Simba je? Tulia, nakuja huko. Simba walikuwapo, tena wengi, lakini walikuwa wamekonda mbavu nje. Pale Matopeni palikuwa na desturi: huinamishi kichwa kunywa mpaka mwenzako ainue chake atazame. Na mwenzako hakuwa wa ukoo wako. Mwenye macho alipeana zamu na mwenye masikio, mwenye masikio na mwenye pua. Simba akinyata huku anaonekana, akinyata kule ananuswa. Anarudi kwake na njaa yake.

Bi Kongoni alikuwa na macho. Alipanda juu ya kichuguu akaona mpaka mwisho wa bonde. Mwenzake wa zamu alikuwa Bi Pundamilia, mwenye masikio ya kusikia hata jani linalokanyagwa. Walikuwa mashoga tangu usichana wao, hawafichani kitu.

Sasa sikilizeni. Bi Kongoni alikuwa ameshazika watoto wawili, na kuzika ni maneno tu, maana Simba hawaachi cha kuzikwa. Safari hii alikuwa na Kilua, binti yake, miguu bado inamtetemeka.

"Huyu simtoi, shoga," Bi Kongoni alisema kila asubuhi. "Mvua zikinyesha atakuwa ameshapata mbio. Nisaidie nimfikishe kwenye mvua."

"Humtoi," alijibu Bi Pundamilia. "Mimi si nipo?"

Basi akawa yupo. Kilua alimwita mama mdogo.

Na huyu mwingine sasa, Bweha. Mdogo, mwepesi, mdomo hauna breki. Bweha hana ubavu wa kuangusha nyumbu, yeye hula makombo ya Simba. Simba wakishinda njaa, naye anashinda njaa. Tumbo lake lilikuwa limegusana na mgongo, na akili ya mwenye njaa hailali.

Siku moja, jua la saa nne, huyo akaja mbio, tifu tifu tifu!

"Hodi, wakubwa zangu! Dunia inachagua mfalme, nyinyi mnakunywa maji!"

"Dunia gani?" aliuliza Bwana Nyati, anatafuna.

"Marekani! Nimetoka kibandani kwa askari wa wanyamapori, nimeisikia redio kwa masikio yangu haya. Wamebaki wagombea wawili tu, Tembo na Punda!"

Weee! Bwawa zima likainua vichwa, maana nani porini angejua kwamba hizo ni alama za vyama vya huko tu?

"Tembo ndiye," alisema Bwana Nyati. "Kiti kikubwa kinataka makalio makubwa."

"Na shingo je?" aliuliza Bwana Twiga kutoka huko juu. "Lakini kama hakuna mwenye shingo, basi na mimi Tembo."

Bi Pundamilia alicheka mpaka akapiga kwato. "Jamani, Punda ni wa kwetu! Mjomba wangu kabisa yule. Masikio ndiyo haya haya, ila yeye hakupakwa rangi."

"Mimi nitakuangusha leo, shoga," alisema Bi Kongoni. "Niko kwa Tembo. Mwaka ule wa kiangazi si Tembo waliochimba mchanga tukapata maji?"

"Hao Tembo wa hapa! Huyo wa Marekani amekuchimbia nini?"

"Na huyo mjomba wako, lini alikuja kukujulia hali?"

Wakacheka wote, wakanywa kwa zamu, wakaenda zao. Bweha hakucheka. Aliwatazama wanavyoondoka wawili wawili, akalamba pua.

Kesho yake alimfuata Bi Pundamilia majanini.

"Mama yangu, nisikufiche. Tembo jana kahutubia. Kasema wenye milia hawaaminiki, hawajulikani ni weusi au weupe, wafukuzwe kwenye mabwawa yote. Shoga yako nilipomweleza, kasema ndiyo maana anampenda."

"Mama Kilua kasema hivyo?"

"Mimi mtu wa kusikia tu, mama."

Kisha huyoo mpaka kichuguuni.

"Mama Kilua, uko peke yako? Punda kaapa. Akishinda, pembe zote zinakatwa, na ataanza na za akina mama. Nimemwambia shoga yako, kacheka mpaka kakaa chini."

"Pundamilia kacheka?"

"Mimi sipendi kugombanisha watu."

Muongo mkubwa! Lakini Bi Kongoni hakwenda kumwuliza shoga yake taratibu. Alishinda na lile neno moyoni, likamkereketa. Asubuhi walipokutana bwawani, hata salamu hakuna.

"Kumbe unanichekea pembe zangu?"

"Na wewe kumbe unataka nifukuzwe maji?"

"Huyo mjomba wako anabebeshwa magunia, anachapwa fimbo, anashukuru! Atatawala nini?"

"Afadhali yeye, kuliko huyo wako anayekanyaga vya wenzake na hatazami chini!"

"Umekosa adabu, Pundamilia."

"Mimi? Mimi ninayekulindia mtoto?"

"Usinilindie!"

Lilimtoka. Alitamani kulirudisha, lakini Bwana Nyati alikuwa ameshaanza kumshangilia, na Bwana Twiga anatikisa kichwa kwamba hapo umesema. Ukishangiliwa, ni vigumu kusema samahani. Bi Pundamilia aligeuka akaondoka, mkia unapiga huku na huku.

"Mama," aliuliza Kilua, "Marekani ni mbali?"

"Mbali."

"Huyo Tembo wa huko anatujua?"

"Nyamaza unywe maji."

Alikunywa. Lakini nani alikuwa amesimama zamu? Bwana Nyati, macho yake mabovu yale, anatazama nyasi zote anaona kijani tu.

Haikuchukua muda, bwawa likakatika vipande viwili. Wa Tembo wakashika ukingo wa kichuguu: Twiga, Nyati, Kongoni. Wa Punda wakashika ukingo wa matete: Pundamilia, Nyumbu, Ngiri. Macho yote yakabaki upande mmoja, masikio na pua upande wa pili. Atakayevuka anaitwa msaliti. Na Bweha alikuwa anavuka kila siku, huku ni Tembo damu, kule ni Punda damu, wala hakuna aliyemwuliza!

Mchana mmoja Bi Kongoni alikuwa juu ya kichuguu chake. Upepo ulivuma kutoka kwa wa Punda kwenda kwenye matete, ukazipeleka huko harufu na sauti, kwa hiyo pua na masikio yao hayakuwa na kazi. Bi Kongoni akaona masikio mawili ya rangi ya majani makavu. Yalikuwa ng'ambo, nyuma ya mtoto wa Bi Nyumbu. Mlio ukampanda kooni. Alikuwa nao tayari, ule wa kupuliza puani, fyuuu! Wote waliujua.

"Unaona nini?" aliuliza Bwana Nyati.

"Simba. Kwa wa Punda."

"Aa, si kwetu," alisema Bwana Nyati. "Wamwite Punda wao."

Bi Kongoni alinyoosha shingo. Alijiambia nitawaita sasa hivi, nikihesabu vizuri wako wangapi. Vuu! Vumbi likapanda ng'ambo, na Bi Nyumbu akalia kilio ambacho Bi Kongoni alikijua, maana alikuwa ameshakilia mwenyewe mara mbili.

"Mmeona?" alisema Bweha, amekuja na damu kwenye masharubu. "Ndivyo Punda anavyolinda watu wake."

Wengine wakacheka. Bi Kongoni alitazama ng'ambo akakutana na macho ya Bi Pundamilia. Bi Pundamilia alijua fika kwamba yule anayeona mpaka mwisho wa bonde hawezi kukosa kuona hapo. Bi Kongoni akashuka kichuguuni, akamlamba Kilua sana siku ile, aibu imemjaa, na aibu yenyewe akaigeuza hasira. Akajiambia kwamba hata wao wangenyamaza. Alijiambia hivyo mpaka akaamini.

Basi mawingu yakaanza kukusanyika, mvua i karibu. Kilua alikuwa ameanza kukimbia vizuri, anaruka kichuguu, anaanguka, anacheka. Bi Kongoni akaanza kupumua kwa nafuu.

Ndipo Bweha akaja siku ile, jua la alasiri, anapiga kelele tangu mbali.

"Matokeo! Matokeo! Tembo kashinda! Tembo kashindaaa!"

Wacha we! Bwana Nyati alichimba ardhi kwa pembe. Bwana Twiga alizunguka mpaka akajikwaa, kwaa! Ng'ambo, wa Punda waliinamisha masikio.

"Ngojeni, ngojeni, wakubwa zangu!" Bweha alipanda jiwe. "Tusiwe washamba. Kuna utaratibu. Huko Marekani mshindi akitangazwa, wafuasi wake hunywa wote pamoja, kwa mpigo mmoja. Hakuna zamu siku ya ushindi. Vichwa chini, macho chini, ndiyo heshima. Atakayetazama nyuma, huyo roho yake iko kwa Punda."

"Hakuna wa Punda hapa!" alinguruma Bwana Nyati.

"Mama Kilua, mbona bado uko juu?"

Wote wakamtazama. Bi Kongoni alisitasita juu ya kichuguu. Tangu azaliwe hajawahi kuona bwawa lisilo na mtu wa kutazama.

"Mimi nitakunywa baadaye," alisema.

"Aha," alisema Bweha polepole. "Shoga ni shoga tu, eti?"

Akashuka. Akamweka Kilua ubavuni, wakainama. Twiga akatanua miguu akainama, Nyati akainama. Chubwi, vinywa vyote majini.

"Kwa-ha! Kwa-ha! Mama Kilua!"

Ilikuwa sauti ya Bi Pundamilia kutoka ng'ambo. Leo upepo ulikuwa umegeuka, na masikio yake yalikuwa yamedaka jani linalokanyagwa.

"Mama Kilua! Nyuma yako! Simba! Nyuma yako, kwenye majani!"

Bi Kongoni aliinua kichwa nusu.

"Msitazame!" alipaza Bweha. "Si nimewaambia? Wameshindwa, wanataka kutuharibia sherehe! Wivu huo!"

"Wivu! Wivu!" walipokea wengine, midomo majini.

"Shoga! Mtoto! Mtoto!"

Bi Kongoni aliijua sauti ile kuliko sauti ya mama yake. Haikuwa sauti ya mzaha. Lakini yeye alikuwa amenyamaza kwa mtoto wa Nyumbu, na aliyenyamaza mwenyewe hawezi kuamini kwamba kuna mtu atampigia kelele yeye. Angeniitaje, aliwaza, baada ya lile? Ananihadaa tu. Akarudisha kichwa majini.

Vuu! Pu! Purukushani! Bwana Twiga alitimka kwa miguu yake mirefu hakuacha hata vumbi. Bwana Nyati, yule wa kiti kikubwa, alipita juu ya wenzake akatokomea. Bi Kongoni alikimbia, wanangu, miguu ilimkimbiza yenyewe, na alipogeuka kumwita Kilua, pembeni yake hapakuwa na mtu.

Alirudi. Mama hurudi. Alisimama mbali kidogo na pale Simba walipojikusanya, hakuweza kusogea, hakuweza kuondoka. Bweha alikuwa amekaa kando, anangoja zamu yake kwa adabu zote.

Bi Pundamilia alizunguka bwawa lote, akavuka mpaka ule usiovukwa, akaja akasimama ubavuni mwa Bi Kongoni. Alikuwa analia.

"Nilikuita," alisema.

"Nilikusikia," alisema Bi Kongoni.

Wakasimama hivyo. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kudondoka, makubwa makubwa, hakuna aliyejikinga. Simba waliposhiba wakaondoka, matumbo yanaburuta, na Bweha akaingia kazini.

"Bweha," aliita Bi Kongoni. "Niambie kitu kimoja tu. Huyo Tembo alishinda kweli?"

Bweha aliinua kichwa, akafuta mdomo kwa ulimi.

"Mama yangu, hata kura hawajapiga," alisema. "Wanapiga mwezi ujao. Ukitaka, nitakuletea matokeo."

Akarudi kwenye chakula chake.

Basi, wanangu, usimfukuze jirani anayekulindia mtoto kwa ajili ya mkubwa wa ng'ambo asiyejua hata jina lako.