Alama Chini ya Sufuria

Mwanamke mmoja alikuwa na banda sokoni, na ndani ya banda lile hapakuwa na kitu cha kuuzwa. Jina lake Nakijwa. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kupika pamoja.

Msicheke. Zamani katika mji ule kila ukoo wenye uwezo ulinunua masufuria yake makubwa ya shughuli, ukachora alama yake chini kwa msumari, ukayafungia stoo. Yalitoka siku ya harusi, kisha yakarudi kulala na buibui. Mfiwa asiye na sufuria alipikia wageni kwenye visufuria vya chai, wageni wakaondoka na njaa, na huku ukuta wa pili sufuria la kushibisha mtaa mzima limekaa bure. Nakijwa aliyaona hayo kwenye matanga ya mumewe mwenyewe, yakamuuma sana.

Basi akaanza. Akawafundisha kuugawa mchele wa shughuli mafungu, kila fungu liende kwenye jiko lililo wazi, na sufuria lililolala liazimwe huko. Akawawekea wote kipimo kimoja cha chumvi, ili wali wa huku usiukane wa kule. Moto ukizimika kwa fulani, fungu lake lihamie kwa jirani kabla mchele haujaharibika. Mwanzoni walimwita mwendawazimu. Nani atatoa sufuria lake likapikie wageni wa watu? Lakini wanafunzi wake wakalishika somo, wakaenda nalo mitaa mingine, nao wakafundisha wengine. Ikafika mahali mwenye shughuli anataja tu idadi ya wageni, chakula kinakuja, wala hajui kimeivia jiko la nani.

Mwenyekiti wa soko alikuwa Mzee Sempombe, mtu wa haki lakini mgumu kama kisiki. Huyu akatangaza kwamba kila mwenye banda aonyeshe alama ya kazi yake, na asiye nayo atoke. Fundi bati akaleta ndoo. Mshonaji akaleta kanzu. Nakijwa akaja mikono mitupu. Mzee akasema basi, tutapita majumbani tupindue masufuria. Tukiikuta alama yake, banda ni lake. Tusipoikuta, litakuwa stoo ya vitunguu.

Naetwe, mwanafunzi wake mpendwa, akamjia na msumari mkononi. Alitaka wawahi kupita, wachore jina la mwalimu chini ya kila sufuria, na wenye nyumba wala wasingekataa. Nakijwa aliutazama ule msumari, na jamani, alitamani! Banda lile ndilo lililokuwa maisha yake. Likienda, wanafunzi watatawanyika. Kisha akautupa jaani. Masufuria si yake, ayachore ya nini?

Wakaguzi wakapita. Wakapindua, wakafuta masizi, wakasoma. Kwa kina Mshana wakakuta alama ya kina Mbwambo. Kwa mjane wa kinyozi wakakuta ya kina Mshana. Nyumbani kwa Mzee Sempombe mwenyewe, mkewe akatoa sufuria la kina Mgonja, watu ambao ukoo wake haukusalimiana nao tangu ugomvi wa mpaka wa shamba enzi za babu zao. Mzee akaguna, akatikisa kichwa kwamba alama ya Nakijwa haipo, akaliweka chini akaenda zake.

Sokoni watu wakajaa. Mzee akatangaza kwamba hawakuona kitu, na mwenye vitunguu akaanza kukunja mikono ya shati ashushe magunia. Nakijwa akasimama, hana hata chembe ya hofu.

"Mzee wangu," akasema, "mmesoma majina yote chini ya masufuria. Mbona hamkuuliza la kina Mgonja limefikaje jikoni kwako?"

 Mzee akatazama upande waliosimama kina Mgonja, nao wakamtazama. Halafu akamgeukia mwenye vitunguu, akamwambia arudi na magunia yake alikoyatoa.

Nanyi waheshimiwa wa kamati ya vyeo, kesho mtakaa kumpima mwenzetu aliyetumia umri wake kuunganisha kompyuta za watu wasiojuana, ili mashine iliyolala huku iisaidie iliyolemewa kule. Mtatafuta jina lake limetajwa wapi na nani katika maandiko ya wataalamu. Haya, tafuteni, ni haki yenu. Lakini mama aliyeihifadhi leo picha ya mjukuu wake kwenye mashine asiyoijua iko nchi gani, na daktari wa wilayani aliyepata majibu kwa nguvu ya kompyuta ambazo hospitali yake haina, mtawauliza sufuria hilo limefikaje jikoni kwao?