Kigari cha Kondo

Mmemsikia shangazi yenu akisema, "Kilichonyooshwa mteremkoni hulaumu tambarare," mkacheka, kisha mkataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Haya, sogeeni. Ilizaliwa hivi, na mjinga wa siku ile alikuwa Kondo. Hata leo ukimwuliza, hakatai.

Kondo alikuwa fundi mwashi, Mzaramo. Mtani wake alikuwa Lugembe, Msukuma, fundi baiskeli. Watu wa rika moja hao, hakuna aliyemzidi mwenzake hata jino. Wote wawili, na mvi zao, walishikwa na wazimu wa vigari vya kuchezea, vile vya kuendesha kwa rimoti. Wakawekeana sharti: Jumapili, kwenye uwanja wa netiboli uliosakafiwa, kila kigari kipite kati ya mistari miwili ya chaki mpaka mwisho, mwenyewe asiguse usukani wa rimoti. Ambaye chake kitatoka nje atamwamkia mwenzake shikamoo mwaka mzima, mbele za watu, tena kwa adabu.

"Nimwamkie Msukuma?" Kondo alisema. "Bora niwaamkie ng'ombe wake!"

Akakijaribu kigari barazani kwake. Kikavuta kushoto, upande wa uani. Akachukua bisibisi, akageuza vijiti vinavyoshika magurudumu ya mbele, yaelekee kulia kidogo. Kikavuta tena. Akageuza tena, ulimi nje, mpaka kikanyooka kama uzi.

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa kando akichambua mchele. "Baba Sikudhani, baraza hili si ulilijenga mwenyewe liinamie uani, maji ya mvua yasituingilie ndani? Kakijaribu uwanjani."

"Mama, wewe chambua mchele. Magari niachie mimi."

Jumapili mtaa mzima ulikuwa uwanjani. Kigari cha Lugembe kilitangulia, kikapita katikati ya mistari kwa maringo mpaka mwisho. Cha Kondo kikaondoka vizuri, halafu kikakata kulia, kikavuka chaki, kikajichomeka chini ya kanga za mama muuza mihogo. Mama akaruka, mihogo ikaruka.

Lugembe akajikohoza kizee. "Mjukuu wangu, naisubiri shikamoo yangu."

"Uwanja umeinama!" Kondo akafoka. "Mmenihujumu!"

"Si wewe fundi? Pima basi."

Kondo akaenda mbio nyumbani, akarudi na pimamaji yake, ile ile aliyojengea baraza. Akailaza sakafuni. Povu la ndani ya kioo chake likaenda katikati, likatulia tuli. Akaigonga. Akaigeuza upande wa pili. Povu palepale.

"Hata pimamaji imeharibika," akasema.

Hapo Mwanahawa uvumilivu ukamwishia. Akamfuta mumewe vumbi la chaki begani, taratibu, kama anayemwandaa bwana harusi.

"Mume wangu, mpe mwenzio shikamoo yake, twende tukale. Kilichonyooshwa mteremkoni hulaumu tambarare."