Cheti cha Mtoto Asiyekuwepo

TANGAZO KUHUSU MSHALE WA MZANI KUTOSOGEZWA KWA KUPULIZWA, KUGUSWA WALA KUOMBEWA DUA.

Hilo, wanangu, lilibandikwa kwenye zahanati ya wanyama hapo zamani za kale, enzi ambazo muhuri ulikuwa bado ni nusu ya kiazi kilichochovywa kwenye maji ya zambarau.

Asubuhi hiyo Mama Kidawa, pimbi wa kule majabalini, hakulisoma. Alikuwa anahesabu pumzi. Mwanawe Kidawa alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, na kifua chake kilikwenda hee-hee-hee, mbio mbio, mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Tangu jana alikuwa hajanyonya. Wala hakuwa amemng'ata dada yake, na hilo ndilo lililomtisha mama kuliko homa.

"Ana nini mwenzangu?" akauliza Mama Kalunguyeye, aliyesimama kwenye foleni na watoto wanne.

"Kifua."

"Pole. Hawa wangu nimewaleta mara tatu. Kila mara naambiwa sijawaleta."

Mama Kidawa akadhani ni utani.

Karani wa mzani alikuwa Bwana Kiboko. Mzani wenyewe ulining'inia kwenye gogo, na kikapu chake kingewalaza ndama wawili wa nyati na nafasi ikabaki. Ulitengenezwa na wakubwa kwa ajili ya watoto wa wakubwa, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hawakuwaza tu.

"Mweke," akasema Kiboko bila kuinua macho.

Mama akamweka. Kidawa akapotelea humo kikapuni. Mshale haukutikisika.

"Hayupo," akasema Kiboko. "Anayefuata!"

"Hayupo nani? Si huyo hapo anakohoa!"

"Kho! Kho!" kikasema kikapu.

"Kikohozi nakisikia, mama. Mwenye kikohozi ndiye hayupo. Asiyesogeza mshale hayupo, asiyekuwepo haandikwi, asiyeandikwa hapiti. Mlee kwanza nyumbani, umlete akiwa na uzito."

"Uzito huo hataufikia! Hata mimi mama yake sijaufikia!"

"Basi na wewe ujiangalie."

Mama Kidawa akamtoa mwanawe kikapuni. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama jiwe la jikoni. Hatua ishirini tu kutoka hapo, nyuma ya ua, alikaa Bibi Tembo, mganga ambaye dawa yake ya kifua ilijulikana bonde zima. Lakini langoni alisimama Afande Nyati, mwenye pembe ambazo hakuna mtu aliyewahi kubishana nazo mara mbili.

Kulia? Wenzake walishalia pale tangu mwaka juzi. Kupenya kwa nguvu? Kwa nguvu zipi?

Akamtazama Kiboko. Kiboko alikuwa anaupapasa muhuri wake taratibu, kama anambembeleza kifaranga. *Ahaa*, akawaza Mama Kidawa.

"Bwana Karani," akasema kwa sauti laini, "nimeelewa kabisa. Ila baba yake nyumbani ni mbishi. Nisaidie maandishi, niende na kitu mkononi."

Kiboko akainua kichwa. Katika miaka yake yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumwomba.

"Unataka cheti?"

"Cheti. Na muhuri, kama si usumbufu."

"Usumbufu gani, mama yangu!"

Akachukua jani la mgomba, akaandika huku ulimi umemtoka pembeni: *Inathibitishwa kwamba mama huyu hana mtoto yeyote.* Paa! Akalitazama. Likampendeza, akaongeza muhuri wa pili. Paa!

Mama Kidawa akashukuru, akajifunga kanga vizuri, akaenda moja kwa moja langoni.

"Simama!" akanguruma Nyati. "Mtoto asiyeandikwa hapiti!"

"Mtoto gani, Afande?"

"Huyo mgongoni."

"Soma hapa."

Nyati akasoma, herufi moja moja, jasho likimtoka puani. "Ha... na... mto... to... ye... yo... te." Akamtazama Kidawa. Kidawa akapiga chafya. Nyati akarudia kusoma.

"Mbona namwona?"

"Unabishana na muhuri, Afande? Tena iko miwili."

"Hapana! Muhuri siubishii."

"Basi nimebeba nini?"

"Hujabeba kitu."

"Na mama asiyebeba kitu, anayekwenda tu kumwamkia Bibi, anazuiwa?"

"Ha... hazuiwi."

"Ahsante sana, Afande."

Akapita. Alikuwa amebakiza hatua tatu pale Kiboko alipotambua kilichofanyika. Akaja mbio, ardhi ikitetemeka, du! du! du!

"Mshikeni! Ameingiza mtoto asiyepimwa!"

Mama Kidawa akageuka. 

"Mtoto yupi, Bwana Karani? Mtaje. Ukisema yupo, muhuri wako umesema uongo. Ukisema hayupo, unamkimbilia nani?"

Kiboko akafungua kinywa, kinywa kile mnachokijua upana wake. Akakifunga. Kwap!

"Kelele za nini?" akauliza Bibi Tembo.

"Shikamoo, Bibi," akasema Mama Kidawa, na machozi aliyoyazuia tangu alfajiri yakamwagika. "Mwanangu hapumui vizuri. Nakuomba umsikilize tu."

Bibi Tembo alitafuta kwa macho, akainama, akatafuta tena. Kisha akamwona, akashusha pumzi.

"Nyamazeni wote," akasema. "Na ninyi ndege."

Akapiga magoti, mnyama mkubwa kuliko wote bondeni, akalifunika lile donge la manyoya kwa sikio pana kama ungo. Mama akamwona mwanawe akitoweka chini ya sikio, akaacha kupumua yeye mwenyewe.

Kimya kikatanda. Kiboko alisimama mguu mmoja juu. Nyati alivua kofia. Na katika kimya kile, kila mmoja akausikia: ti-ti-ti-ti-ti-ti, moyo usiozidi punje ya choroko, unapiga kwa nguvu zake zote, haupumziki, hauombi ruhusa ya mtu.

"Lo!" akanong'ona Kiboko. "Huyo ni nani?"

"Kidawa," akasema mama yake.

Bibi Tembo alipoinua sikio, macho yake yalikuwa na maji. "Ni homa ya mapafu," akasema. "Umewahi, mwanangu. Kesho ungechelewa." Watoto wa nyati aliwapimia dawa kwa ndoo. Kwa Kidawa alichukua unyasi mmoja, akauchovya nchani, akadondosha tone moja ulimini, kwa mkonga uliotulia kama mkono wa fundi wa saa.

Kule nje, Kiboko aliporudi kwenye mzani wake alimkuta Mama Kalunguyeye anamsubiri. "Na mimi naomba cheti. Vinne." Nyuma yake walijipanga panya, popo na digidigi. Kufikia adhuhuri Kiboko alikuwa amemaliza viazi vyote, na hakuna mtoto aliyebaki nje ya ua.

Wanangu, mtoto mgonjwa hawezi kujitetea, kwa hiyo mzazi wake asichoke kumsemea mpaka asikilizwe.

Ripoti ya zahanati inasema kwamba siku ile hakuhudumiwa mtoto hata mmoja. Kilichotokea hasa ni kwamba walitibiwa thelathini na saba, na wote walipona.