Watu wa Ndiva

Mfano huu nilipewa kwanza na Bibi Namsifu, anayetufundisha sisi kina mama wa kanisa la mlimani. Alitusomesha habari za watu na nchi: jinsi watu wanavyoongezeka na kuhama, desturi zao, uongozi wao na riziki yao. Siku moja, alipoona tunasinzia, alifunga kitabu akatusimulia.

Mtu mmoja alikuwa na pembe. Jina lake Mbazi, na pembe hiyo aliirithi kwa baba yake. Kila alipoipuliza, watu wote wa mteremko ule walitoka kwenda kusafisha ndiva, yaani bwawa la udongo linalojaa maji ya mfereji usiku, likafunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Bila ndiva, mteremko ule haukuwa na chakula wakati wa kiangazi.

Siku ya kazi walikuja wote. Wenye nguvu walichimba tope, kina mama wakalibeba kwa vikapu. Tope likiisha, wazee, watoto na wanaonyonyesha, ambao hawakuwa na jembe wala kikapu, walishuka ndani ya bwawa tupu wakaimba na kucheza juu ya udongo mbichi mpaka jua linazama. Waliuita mchezo. Baadaye walikula pamoja, na maji yakagawiwa kila nyumba.

Miaka ikapita, watu wakawa wengi. Vijana walioa, na familia nyingine zikapanda kutoka tambarare zikapewa viwanja. Maji yakaanza kuonekana machache. Mbazi akafikiri sana, kisha akatoa amri mpya: pembe itawaita wenye majembe peke yao, na maji yatakuwa yao peke yao. Wanaume wakafurahi. Mmoja akasema, "Afadhali! Na mama mkwe wangu naye apumzishe magoti." Wakacheka.

Mwaka ule kazi iliisha kabla ya adhuhuri. Watu walimsifu Mbazi kwamba anajua kuongoza.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakundwa. Mumewe alikuwa mjini akitafuta kazi, na yeye alikuwa na mtoto mchanga na kishamba cha maharage karibu na ndiva. Kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kushika jembe, hakupewa maji. Maharage yake yalianza kunyauka yakiwa na maua. Kila asubuhi aliyatazama, akarudi ndani.

Lakini haikupita muda, ndiva nayo ikaanza kupungua. Ilijaa usiku, ikapambazuka ikiwa nusu. Baadaye ikapambazuka ina unyevu tu. Wakatafuta tundu ukutani, hawakuliona. Wakasema watu wa juu wanaiba maji. Wakaenda na fimbo, wakakuta mfereji unatiririka kama zamani. Wakasema wageni wa tambarare wameleta nuksi. Wakachimba ndiva zaidi, na maji yakazidi kupotea. Sasa hata mahindi ya wenye majembe yakakunja majani.

Mbazi akaita mkutano. Wanaume walibishana hata wakachoka. Ndipo Nakundwa akasimama, mtoto akiwa mgongoni.

Mtu mmoja akamwambia, "Shemeji, kaa. Au unataka kuziba bwawa kwa wimbo?"

Nakundwa alimtazama mwenye pembe, akasema, "Mzee Mbazi, ulipotuita wote maji yalikaa; ulipotuita nusu yamekataa. Kwa nini, hata mimi sijui. Tuite wote."

Mbazi alikuwa mtu wa heshima, na ni vigumu mtu wa heshima kuifuta amri yake mbele ya watu. Lakini aliiona mito ya jasho kwenye nyuso zao, akayakumbuka mashamba. Akainuka, akapuliza pembe kwa nguvu zake zote, na haikubaki nyumba ambayo haikusikia.

Wakaja. Wakanyunyiza maji kidogo, wakashuka ndani wakicheza. Wageni wa tambarare hawakuyajua maneno ya wimbo, basi wakaanzisha wa kwao, na wimbo huo ulikuwa na kishindo kikubwa zaidi. Bibi mmoja aliteleza akakaa chini kwenye udongo, akacheka mpaka akashindwa kuinuka. Kuelekea jioni Mbazi, aliyekuwa amesimama ukingoni, aliinama akaugusa udongo. Ulikuwa laini na umeshikamana chini ya nyayo zao kama chungu kabla ya kuchomwa. Ndipo alipofahamu ni nini kilichokuwa kikiyashika maji miaka yote. Akavua viatu, akashuka.

Usiku ule ndiva ilijaa, na asubuhi ilikuwa imejaa vilevile. Mbazi akaifungua kwa mkono wake, na maji ya kwanza akayaelekeza kwenye maharage ya Nakundwa. Tangu siku hiyo, ukimuuliza mtu yeyote wa mteremko ule, hata mtoto, hata mgeni wa jana, ni nani aliyeijenga ndiva ile, hujipiga kifua akasema, "Sisi."

Bibi Namsifu akasema maji yale ni riziki ya nchi, pembe ni serikali, na wimbo ni desturi zinazotushikamanisha bila sisi kujua. Udongo uliokanyagwa na wote ndio taifa. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Je, pembe ya kwenu inasikika mpaka mlango wa nani?"

Kesho yake asubuhi karani wa sensa alifika nyumbani kwetu. Baba mkwe alimkalisha kwenye kiti, akaanza kuwataja wanawe wakubwa, wale wenye kazi. Nilikuwa jikoni. Nikanawa mikono, nikambeba mwanangu mchanga, nikatoka nikasimama mbele yao.

"Shikamoo, baba," nikasema. Kisha nikamgeukia karani. "Huyu anaitwa Elihuruma. Anza na huyu."