Boriti Zenye Masizi

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milimani, zama za wacha Mungu waliotutangulia, palikuwa na msitu wa wakfu juu ya chemchemi. Mlinzi wake alikuwa mjane aitwaye Bibi Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baba yake alimwusia akiwa katika sakarati ya mauti: "Mwanangu, maji ya mji huu yanatoka kwenye mizizi hii. Mti usikatwe, hata kwa jambo la heri."

Na jambo la heri ndilo lililomjia. Paa la msikiti liliporomoka, Ramadhani imekaribia, na liwali Nuumani akapanda mlimani na watu arobaini, mashoka mabegani. Bibi Lubaba akasimama mbele ya mti wa kwanza.

"Sogea, mama," liwali akasema. "Tunataka boriti za nyumba ya Mungu."

"Na maji ya kutawadhia mtayatoa wapi, mwanangu? Ng'ambo ya mlima walikata. Sasa mvua ikinyesha wanakunywa tope, na watoto wao wanazikwa kwa maradhi ya tumbo."

Mtu mmoja akapaza sauti kwamba huyu ni adui wa msikiti. Jiwe likarushwa, likampata kwenye paji la uso. Liwali, ambaye hakuzoea kukataliwa, akachomoa upanga. Wallahi, hakuna jeuri inayotisha kama ya mtu anayedhani anamtumikia Mola wake!

Bibi Lubaba aliogopa, maana naye alikuwa mwanadamu. Lakini hakusogea. Akafuta damu kwa ncha ya mtandio.

"Mnahitaji boriti kumi na mbili," alisema. "Nyumba yangu inazo. Kazing'oeni."

"Nawe utalala wapi?" liwali akauliza.

"Mungu anajua. Paa langu nina haki ya kulitoa. Msitu huu si wangu."

Liwali akaurudisha upanga alani, asiweze kumtazama. Boriti zikang'olewa siku ile ile, na aliyerusha jiwe ndiye aliyebeba ya kwanza, huku analia. Kabla ya mwezi kuandama, watu walewale wakamwezekea bibi nyumba kwa nyasi.

Fundi alitaka kuzikwangua boriti, kwani zilikuwa nyeusi kwa moshi wa jiko. Liwali akamkataza. Ikawa kila anayetawadha kwa maji yale safi, akiingia msikitini na kuinua macho, anayaona masizi ya Bibi Lubaba.

Ndugu zangu, shetani haji daima na mvinyo. Siku nyingine huja na shoka, na bismillahi mdomoni. Basi ukinywa maji matamu leo, muulize moyo wako ni nani aliyelala bila paa ili wewe uyapate.