Sare ya Kuazima

Vijana, najua hamnisikilizi. Macho yenu yako kwenye yale maboksi pale mbele, na siwalaumu, maana mimi mwenyewe nimefurahi kama mtoto wa sikukuu. Sare zenu za skauti zimefika! Lakini kabla hatujazifungua, nipeni dakika tano niwasimulie habari ya binti mmoja.

Binti huyu aliitamani sare ya skauti kuliko kitu chochote. Dada yake alikuwa skauti, yeye hakuwa. Mafunzo ya kila Jumamosi aliyaona yanachosha. Siku moja dada kasafiri, binti akafungua kabati, akavaa kila kitu: shati, skafu, mkanda, beji zote sita. Akashika njia kwenda studio kupiga picha. Jamani, alipendeza! Alipokatiza sokoni watu wakamgeukia, naye akazidi kutembea kwa maringo.

Ghafla mama mmoja akamjia mbio, amebeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto amepaliwa na karanga, hatoi sauti, midomo imeanza kuwa myeusi. Wauza nyanya wakapaza sauti watu wapishe, skauti yupo. Na watu wakapisha! Mmeiona nguvu ya sare? Hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Mama akamweka mtoto mikononi mwake.

"Dada, nisaidie. Ninyi mmefundishwa."

Binti akamtazama mtoto. Beji ya huduma ya kwanza iko pale kifuani, kila mtu anaiona. Afanye nini? Wewe ungefanya nini?

"Mama, nisamehe," akasema huku analia. "Mimi si skauti. Hizi nguo nimeazima."

Huyo mama alipiga yowe ambalo sitaki kuliigiza hapa. Ndipo muuza vitumbua mmoja, mwanamke mtu mzima, kanga yake imejaa unga, akaacha karai lake motoni na kuja mbio. Akamchukua mtoto, akamlaza kifudifudi mapajani, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili na ya tatu, kimya. Ya nne, karanga ikaruka! Mtoto akalia, na nusu ya soko ikalia naye.

Binti akamwuliza yule muuza vitumbua alijifunza wapi.

"Nilikuwa skauti, mwanangu. Sare yangu ilichakaa zamani, nikaifanya tambara la kuepulia sufuria."

Sasa tusimcheke yule binti. Sisi wenye majoho ya kwaya, akina mama wenye vitambaa vyeupe kichwani, na mimi mchungaji na hii kola yangu shingoni, ni wangapi tumeazima? Sare yake ilifanya kazi yake barabara. Ilimwonyesha mwenye shida pa kukimbilia, na hiyo ndiyo maana ya sare. Aliyepungua alikuwa mvaaji.

Haya, vijana, sare hizi ni nzuri kweli, moja nimeijaribu nikakwama kwenye vifungo. Lakini ukishaivaa, mtu aliyezidiwa atakuona wewe kabla ya wengine wote, na atakukimbilia. Hatakuuliza kama uko tayari. Mafunzo ya huduma ya kwanza yanaanza Jumamosi, saa mbili asubuhi, hapahapa. Anayetaka sare leo, aje kwanza aniambie kama atakuwepo.